Antena ya HF kwenye Land Cruiser ya kuvuka Simpson: ifungwe wapi, na ifungwe vipi

Swali: "Fundi, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, kwa sasa naishi Adelaide na familia. Nina Land Cruiser 79 ya kabini mbili, dizeli. Mbele ina bampa kubwa la chuma, nyuma nimefungisha trei ya aluminiamu na boksi juu yake. Mwezi wa saba tunataka kuvuka Jangwa la Simpson, katikati ya Australia, pamoja na familia nyingine mbili. Nimenunua redio ya HF, ile ya kuongea mbali, ya wati 100 iliyotumika, pamoja na antena yake inayojituni yenyewe. Fundi mmoja ananiambia niifunge kwenye bampa la mbele kama magari ya UN ya kwetu. Mwingine anasema juu ya boksi la nyuma, ili iwe juu zaidi. Wa tatu anasema niuze vyote ninunue simu ya setilaiti. Niifunge wapi? Na nikiwa mjini niiache hapo hapo?"

Jibu: Kaka, ifunge mbele, kwenye bampa la chuma, kona ya kushoto. Sababu si kwamba UN hufanya hivyo. Sababu ni hiyo trei yako ya aluminiamu. Kama ungekuwa na gari la bodi moja lenye bampa la chuma nyuma, ningekushauri nyuma bila kusita, maana huko antena haipigwi na matawi ya kwanza wala haimkingi dereva macho. Lakini kwa gari ulilolieleza, nyuma kuna boksi lililokaa juu ya trei, trei imekaa juu ya mipira, na mipira ndiyo imekaa juu ya chasisi. Kila tabaka hapo ni ukuta kwa umeme wa redio. Bampa la mbele limefungwa kwa bolti nene moja kwa moja kwenye mihimili ya chasisi, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Nataka uelewe kwa nini, kwa sababu ukishaelewa hutahitaji kuniuliza mimi wala yule fundi wa pili. Ile fimbo unayoiona imesimama ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni gari lenyewe: chasisi, bodi, boneti, na uwezo wa chuma hicho chote kushikana na ardhi iliyo chini yake. Mkondo unaopanda kwenye fimbo ni lazima upate kiasi kilekile cha kushika upande wa bodi. Ukiinyima antena bodi, umeikata nusu, hata ukiipandisha juu ya boksi, juu ya kila gari utakalokutana nalo njiani.

Tazama hesabu. Mawimbi ya HF ni marefu. Kwenye kilohezi 5455, ambayo ni moja ya chaneli utakazozitumia huko, wimbi moja lina urefu wa mita 55. Antena iliyosimama, ili ifanye kazi kwa raha, inataka robo ya wimbi, yaani karibu mita 14. Hakuna gari linalobeba mita 14. Fimbo yako ina mita mbili na nusu au tatu, na urefu uliobaki unafidiwa na koili iliyo ndani ya kile kitako cheusi. Koili inaidanganya redio ikubali kusukuma nguvu, lakini haiwezi kuigeuza fimbo fupi kuwa ndefu. Kwa fimbo ya mita mbili na nusu kwenye 5455, ukinzani wa urushaji, yaani ule unaosimama badala ya nguvu inayoondoka kweli kwenda hewani, hauzidi omu moja. Ukinzani mwingine wote, wa koili, wa viungo, wa ardhi, unakula nguvu na kuigeuza joto. Tuseme upotevu wote ni omu 19 na urushaji ni omu 1: katika wati 100 zako, 5 tu ndizo zinazoruka. Safisha viungo hadi upotevu ushuke kuwa omu 9, na sasa zinaruka 10. Umeongeza nguvu maradufu kwa msasa na mkanda wa shaba, bila kununua kifaa chochote. Ndiyo maana nasema eneo la kufungia ni swali la pili. Swali la kwanza ni ethi, yaani jinsi kitako cha antena kinavyoshikana na chuma cha gari.

Sasa ethi yenyewe inavyofanywa. Vua kitako cha antena, fungua bati linalokibeba, na mahali chuma kinapogusana na chuma piga msasa mpaka rangi iishe kabisa, uone mng'ao. Rangi ya bampa hizi ni ya unga iliyookwa, ni ngumu na inazuia umeme kikamilifu, hivyo usiridhike na mkwaruzo wa bisibisi. Weka washa ya meno, ile inayong'ata chuma, kisha bolti ya chuma kisichoshika kutu, kaza, na baada ya kukaza ndipo upake grisi au rangi ya kuzuia kutu kuzunguka kiungo kwa nje. Halafu chukua mkanda wa shaba uliosukwa, upana wa sentimita mbili au zaidi, mfupi kadiri unavyoweza, utoke kwenye bolti ya kitako cha antena mpaka kwenye mhimili wa chasisi. Nasema mkanda, sisemi waya. Umeme wa redio hutembea juu ya ngozi ya chuma, haupiti katikati, kwa hiyo upana ndio unaohesabika. Waya mwembamba wa duara wa mita moja na nusu, hata uwe wa shaba safi, kwenye frikwensi hizi unakuwa koili nyingine tu.

Baada ya hapo fanya hivyohivyo sehemu nyingine za gari: boneti kwenda kwenye bodi kwa sababu bawaba zake hazina uhakika, kabini kwenda kwenye chasisi kwa sababu kabini ya 79 nayo imekaa juu ya mipira, bomba la moshi kwenda kwenye chasisi sehemu mbili, na trei ya nyuma kwenda kwenye chasisi kila upande. Ndiyo, hata trei. Ingawa antena haiko huko, ile aluminiamu yote ikiunganishwa inaongeza ukubwa wa nusu ya pili ya antena, na tena inapunguza kelele. Tahadhari moja hapo: shaba ikigusa aluminiamu na maji ya chumvi yakiingia, aluminiamu italiwa. Tumia mkanda uliopakwa bati, pamoja na washa ya chuma kisichoshika kutu katikati, na paka grisi.

Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, enzi za misafara ya misaada ya Sudan, nililetewa Land Cruiser ambayo madereva wake walikuwa wameikatia tamaa. Ilikuwa inasikia Nairobi vizuri lakini Nairobi haiisikii. Redio ilikuwa mpya na mita ya kupimia antena ilikuwa inasoma vizuri. Nilipofungua kitako nikakuta chini yake rangi nyeupe safi kabisa, haijaguswa, na bolti moja tu ndiyo iliyokuwa ikishika chuma kwa nyuzi zake. Kazi yote ilikuwa msasa, washa mbili na kipande cha mkanda chenye urefu wa shibiri. Jioni hiyohiyo gari lilizungumza na Nairobi, karibu kilomita 700 kwa mstari wa hewani, na opereta wa kule akauliza kama tumebadilisha redio.

Zingatia jambo lililofichika katika mfano huo: mita ilikuwa inasoma vizuri. Watu wengi huamini kipimo cha SWR kama neno la mwisho. SWR inakuambia tu kama redio imeridhika na mzigo ulio mbele yake. Chini ya 1.5 ni safi, mpaka 2 unaweza kuishi nayo, ikifika 3 redio nyingi hujipunguzia nguvu ili zisiungue. Lakini ethi mbovu inaongeza omu za upotevu, na omu hizo huweza kuusogeza mzigo karibu na zile 50 ambazo redio inazipenda. Mita inafurahi, na nguvu yako inapasha bolti joto. Antena inayojituni huficha ubovu huo zaidi, kwa kuwa kazi yake ni kuhangaika mpaka ipate usomaji mzuri. Kwa hiyo pima SWR, ndiyo, lakini kabla ya hapo fungua viungo uvione kwa macho.

Tuje kwenye bati la kubebea. Hapa ndipo wengi huvunjikiwa, na huvunjikiwa mbali na karakana yoyote. Antena inayojituni si fimbo tupu. Kitako chake kina koili na ubao wa umeme ndani, kina uzito wa kilo kadhaa, na juu yake kuna fimbo ndefu inayocheza. Barabara za vumbi za huko, hata kabla hujafika jangwani, zimejikunja mawimbi kama bati la nyumba kwa mamia ya kilomita. Kila wimbi ni pigo, na bati jembamba la milimita tatu lililokunjwa pembe likipigwa hivyo kutwa nzima litapasuka kwenye mkunjo. Tafuta bati la chuma la milimita sita angalau, liwe na kigango cha pembetatu kilichochomelewa chini ya pembe, na lishikwe na bolti zaidi ya moja kwenye sehemu nene ya bampa, si kwenye bomba la duara la juu. Usitumie vile vibano vya kuzungukia bomba kwa antena nzito kama yako. Vinafaa kwa ile ya UHF ya kuongelea na gari la nyuma, basi. Nati ziwe za kujifunga, zile zenye plastiki ndani, na ukishakaza chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bati. Asubuhi ukipita na kikombe cha chai mkononi utaona kwa jicho moja kama nati imezunguka.

Kama antena ina springi chini, kagua ugumu wake. Springi laini inaonekana inalinda, lakini inaiacha fimbo ichezecheze kila upande, na fimbo ikilala wakati unazungumza, tuni inapotea. Tumia springi ngumu, au usitumie springi kabisa kama kitabu cha antena kinaelekeza hivyo, pamoja na kamba ya nailoni inayoivuta fimbo kidogo kuelekea nyuma. Kamba, si waya.

Kuhusu majirani wa antena kwenye bampa. Sehemu ya juu ya kitako, pale fimbo inapoanzia, ukibonyeza kitufe cha kuzungumza kwa wati 100 kuna maelfu ya volti. Chuma chochote kilicho karibu kinanyonya. Ondoa jeki ndefu iliyosimamishwa kando yake, sogeza taa za ziada, na hakikisha mahali fimbo inapoanzia pako juu ya usawa wa boneti au mbali nayo kwa nafasi ya kutosha. Watoto wafundishwe kwamba fimbo hiyo haishikwi kamwe wakati mtu ana maikrofoni mkononi, kwani inaunguza ngozi. Kona ya kushoto nimekuchagulia kwa sababu usukani wa Australia uko kulia kama wetu wa Kenya na Tanzania: antena ikiwa kushoto, macho ya dereva yako huru kwenye kona za kulia na kwenye kilele cha tuta. Na kabla ya kutoboa tundu lolote kwenye bampa, hakikisha bampa lako limetengenezwa kwa gari lenye mifuko ya hewa na kwamba hutoboi mahali panapobeba kazi ya kukunjika wakati wa ajali.

Simpson inakulazimu pia kubeba bendera ya usalama kwenye mlingoti, ili gari linalopanda tuta upande wa pili likuone kabla hamjagongana. Usiifunge bendera hiyo kwenye fimbo ya HF, ingawa utaona watu wanafanya hivyo. Upepo utaipiga bendera, bendera itaipiga fimbo, na fimbo itapasua kitako. Ipe mlingoti wake upande wa kulia.

Umeme wa redio usiupitishe kwenye tundu la sigara wala kwenye waya wa redio ya muziki. Redio ya wati 100 huvuta takriban ampea 20 kwenye kilele cha sauti. Chukua nyaya mbili, chanya na hasi, moja kwa moja kutoka kwenye betri, kila moja na fyuzi yake karibu na betri. Kama redio iko nyuma ya kiti na waya una mita tano kwenda na tano kurudi, waya wa milimita za mraba 2.5 utakula karibu volti 1.4 kila unapozungumza, na redio itaanza kukoroma au kuzima. Waya wa milimita 6 unakula kama volti 0.6, na huo ndio mdogo ninaoukubali. Kebo ya antena ipite kwenye tundu lenye mpira, iwe mbali na fungu la nyaya za injini, na inapoingia kwenye kitako iache ining'inie kidogo chini kabla ya kupanda, ili maji yadondoke hapo yasiingie kwenye kiungo. Zungushia kiungo utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Vumbi la huko ni jembamba kuliko unavyodhani.

Kelele. Dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo huna cheche zinazopiga kwenye spika, na hiyo ni sababu nyingine ninayokuruhusu kuiweka antena mbele, juu ya pua ya injini. Gari la petroli ningelifikiria upya. Hata hivyo unazo injekta, alteneta, na juu ya yote vile vifaa vya kisasa ambavyo wasafiri hujaza: friji, chaja ya betri ya pili, kidhibiti cha sola, taa za LED, chaja za simu. Chaja ya betri ya pili na kidhibiti cha sola ndivyo adui wakubwa. Namna ya kumtafuta mwenye kosa ni rahisi na inahitaji subira tu. Ondoka mjini, nenda mahali pasipo nyaya za umeme, zima kila kitu isipokuwa redio, iweke kwenye chaneli tupu, sikiliza. Huo ndio ukimya wako halisi. Kisha washa kimoja kimoja: swichi ya gari, injini, friji, chaja, taa. Kile kitakachoinua kelele, andika jina lake. Vingine vitatulia ukivifungia pete za feraiti kwenye nyaya zake, karibu kabisa na kifaa. Vingine dawa yake ni kuvizima kwa zile dakika kumi za mawasiliano ya jioni. Usione ni aibu kuzima friji dakika kumi.

Sasa anga, kwa sababu antena nzuri kwenye chaneli isiyofaa ni bubu. Mawimbi ya HF hupanda, hugonga tabaka la ionosfia kilomita mia kadhaa juu, kisha hurudi. Jua linapokuwa kali tabaka hilo hurudisha frikwensi za juu, na wakati huohuo tabaka la chini yake hunyonya zile za chini. Usiku mambo hugeuka. Kwa hiyo: mchana panda, usiku shuka, mbali panda, karibu shuka. Mtandao wa VKS-737, ambao ndio wasafiri wengi wa magari ya 4x4 huko hujiunga nao, una chaneli kama 5455, 8022, 11612 na 14977. Chukulia umepiga kambi Poeppel Corner, pale mipaka ya South Australia, Queensland na Northern Territory inapokutana. Alice Springs iko kama kilomita 480 kwa mstari wa hewani: mchana jaribu 8022. Adelaide iko karibu kilomita 1,000: mchana jaribu 11612, na ikiwa bubu shuka 8022. Birdsville, mji mdogo ulio mashariki mwa jangwa, iko kama kilomita 135 tu, na hapa watu hushangaa, kwa sababu ndiyo inayoweza kukusumbua kuliko Adelaide.

Sababu ni kwamba fimbo iliyosimama hurusha pembeni vizuri lakini juu ya kichwa chake haina kitu, na ili umfikie mtu wa karibu nyuma ya matuta ni lazima wimbi lipande karibu wima na kushuka wima. Dawa mojawapo ukiwa umesimama: ilaze fimbo. Ivute kwa kamba ya nailoni ikunjike juu ya boneti au juu ya kabini, isiguse chuma, kisha ituni upya kwenye 5455. Wanajeshi hufanya hivyo kwenye magari yao kwa sababu hiyohiyo. Jambo jingine: geuza gari. Nguvu huelekea zaidi upande ambako chuma kingi cha gari kiko, hivyo antena iliyo kona ya mbele kushoto hupendelea kidogo uelekeo wa kona ya nyuma kulia. Kidogo hicho mara nyingine ndicho kinachobadilisha "narudia, hukusikika" kuwa mazungumzo.

Kambini kuna kitu bora kuliko yote, na hugharimu waya tu. Kata dipoli: mikono miwili ya mita 13 kila mmoja kwa 5455, au mita 8.9 kila mmoja kwa 8022, katikati kebo ya omu 50 iingie moja kwa moja kwenye redio badala ya antena ya gari. Ining'inize mita tatu au nne tu kutoka ardhini, kwenye mti wa gidgee katika mabonde kati ya matuta, au mti wa koolibah ukifika kijito cha Eyre Creek, au ncha moja kwenye keria na nyingine kwenye fito ya hema. Tofauti utaisikia kwenye neno la kwanza. Kama mti hakuna, baki na antena ya gari na utandaze mchangani nyaya tatu nne za mita nane hivi kutoka kwenye chasisi, zielekee pande tofauti. Mchanga mkavu ni ardhi duni kwa redio na nyaya hizo zinalisaidia gari kuishika.

Kuhusu yule wa tatu aliyekuambia uuze. Simu ya setilaiti ni nzuri, na ukiweza kuikodi kwa safari hiyo, ikodi. Kilichonifanya nipende HF ni tabia nyingine: ukiita, wanakusikia wote. Aliye nyuma yako siku moja atakujibu kwamba Eyre Creek imejaa maji, aliyeko mbele atasema tuta gani limechimbika. Nchi ile imejengwa kwa redio hii. John Flynn alianzisha huduma ya madaktari wa ndege Cloncurry mwaka 1928, na mwaka uliofuata Alfred Traeger akatengeneza redio ya kukanyaga kwa pedali ili mke wa mfugaji, peke yake nyumbani kilomita mamia kutoka kwa jirani, aweze kumwita daktari. Na hizo redio za Codan tulizokuwa tukizifunga Lokichoggio na Goma zinatoka Adelaide, mji unaoishi. Kwa hiyo usiuze. Lakini pia usiifanye HF kuwa kinga yako pekee, kwa sababu dhoruba ya jua au bolti iliyokatika inaweza kuinyamazisha siku unayoihitaji. Nunua kile kitoa ishara binafsi cha megahezi 406, kisajili kwa jina lako AMSA, mamlaka ya usalama wa baharini ya Australia, na kikae mfukoni mwa mtu, si ndani ya gari, kwani gari linaweza kuwaka moto. Na kwa kuongea gari kwa gari mkiwa msafarani, redio ya UHF ya megahezi 477 inatosha. HF haikuletwa kwa kazi hiyo.

Usibonyeze kitufe kabla hujajiunga na mtandao na kupata namba yako ya mwito. Chaneli hizo si za wazi. Zina leseni chini ya ACMA, mamlaka ya mawasiliano ya Australia, na uanachama ndio unaokupa ruhusa. Redio yako imenunuliwa mkononi, hivyo hakikisha imewekewa chaneli hizo na namba yako mpya, na namba ya mwenyewe wa zamani imefutwa.

Jaribu kila kitu mwezi mzima kabla ya safari, si juma la mwisho. Chukua multimita upime kutoka kwenye bati la antena hadi hasi ya betri. Ukiona zaidi ya nusu omu kuna kiungo hujakisafisha. Kisha redio ikipatana na antena, tumia mwito wa kupima chaneli: unatuma namba ya kituo, kituo kinarudisha milio, nawe unajua wanakusikia bila kumsumbua opereta. Fanya hivyo asubuhi, mchana na usiku kwenye kila chaneli, andika kwenye daftari, na umfundishe mkeo na kijana wako mkubwa waitumie wao wenyewe bila wewe kugusa kitu. Halafu itafute barabara mbovu ya vumbi, kimbia nayo kutwa nzima, urudi ukague ile mistari ya rangi kwenye nati. Utakapotoka chemchemi za Dalhousie kuelekea French Line, njia inayovuka jangwa, yapata matuta 1,100 yakiwa mbele yako, kila nati iwe imeshapitia kipigo hicho. Kumbuka pia kwamba jangwa hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, kwa hiyo mwezi wa saba ulioupanga uko salama.

Na mjini: ing'oe fimbo, acha kitako. Fimbo inaweza kugonga dari la kituo cha mafuta au la maegesho ya chini ya jengo, na mpita njia huivunja kwa kuichezea tu. Funika uzi wa kitako kwa kifuniko cha mpira, fimbo iweke ndani kwenye bomba la PVC lililofungwa kwenye keria, na uzi wake uupake grisi kidogo ya shaba ili siku ya kuirudisha isikugomee.